Maaskofu, Bahasha na Mimbari Zetu

Mwezi wa Novemba mwaka 2024 kulitokea Nairobi jambo ambalo magazeti yalilipigia kelele siku tatu nne kisha yakalisahau, na huku kwetu Pwani, kwa nionavyo mimi, halikuzungumzwa ipasavyo mabarazani. Siku ya Alhamisi tarehe 14 maaskofu wa Kanisa Katoliki walitoa taarifa ya kuikaripia serikali. Walisema kwamba nchi imezoeshwa uongo. Ahadi hutolewa zisitekelezwe, kodi zazidi kumlemea mwananchi, watu hutekwa nyara, na bima mpya ya afya iliyoanza mwezi wa Oktoba imeletwa kwa pupa ilhali hospitali za misheni zingali zadai fedha zao kwa bima ile ya zamani. Wakubwa wa serikali walichukizwa na maneno hayo na wakajibu. Siku ya Jumapili tarehe 17 Rais William Ruto akenda kanisani Soweto, Nairobi, kanisa la hao hao Wakatoliki, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa kanisa, na shilingi milioni 2 za kujengea nyumba ya padre, na akaahidi milioni 3 nyengine pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatoa waraka kwamba fedha hizo zirudishwe kwa aliyezitoa, na zile za ahadi zisiletwe.

Nimelifikiri sana jambo hili. Si fedha zenyewe zilizonishughulisha, kwani shilingi milioni 2.6 kwa kanisa kubwa kama lile si mali ya kutoa macho. Kilichonishughulisha ni mpango wa siku zile. Alhamisi umemkaripia mtu, Jumapili amekuja kwako na zawadi, na Jumatatu umemrudishia. Lau zawadi ile ingalipokewa, taarifa ya Alhamisi ingalikuwa karatasi ya kufungia njugu.

Sisemi haya kwa kuwa nimevutwa na kanisa. Mimi nilitiwa chuoni kabla sijaijua skuli, nikahitimu Korani kabla sijajua kuandika jina langu kwa herufi za Kizungu, na sina haja ya kuwapamba maaskofu. Lakini wazee wetu wamesema Mgala muuwe na haki umpe. Nami nataka niwape haki yao kwanza, kisha niwaambie walipokosea, na baada ya hapo nirudi kwetu nyumbani, ambako ndiko hasa kunakoniuma.

Kuzungumza na serikali juu ya mema na maovu hawakuanza mwaka 2024. Msomaji aliye na umri wangu atakumbuka ule upigaji kura wa mlolongo, chama cha KANU kilipoamua mwaka 1986 kwamba wakati wa uteuzi watu wasimame foleni nyuma ya wampendaye, mchana, mbele ya macho ya chifu na jirani. Maaskofu wa Katoliki walipinga, na viongozi wa makanisa mengine pia, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa nyepesi na ya kweli: padre atasimama nyuma ya nani? Akisimama huku, nusu ya waumini wake wamempoteza. Nami nilijiuliza wakati ule, nikiwa kijana, je, khatibu wetu naye atasimama nyuma ya nani? Sikusikia jibu msikitini. Uchaguzi wa mwaka 1988 ukafanywa kwa mlolongo, foleni fupi zikashinda foleni ndefu, na mwisho wa mwaka 1990 KANU wenyewe wakauacha mtindo huo.

Kisha zikaja zile ghasia za kikabila za Bonde la Ufa. Mwaka 1992 maaskofu waliandika waraka wakisema wazi kwamba serikali haikuwa mtazamaji tu katika mambo yale. Askofu wa Nakuru wakati huo, Ndingi Mwana a'Nzeki, alikuwa akiwahifadhi waliochomewa majumba huku akiwataja waliochoma. Na sisi wa Pwani twalijua jambo hili kwa karibu, kwa sababu mwezi wa Agosti mwaka 1997 moto ule ule ulifika Likoni, na watu wa bara waliofukuzwa walijikusanya katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni, na mablanketi yao na masufuria yao. Kanisa likageuka kambi. Nakumbuka kulipita pale na kuona nguo za watoto zimeanikwa kwenye ua.

Mwisho wa mwaka 1999 tulikuwa nao pamoja. Bunge lilipotaka kuifanya kazi ya kubadilisha Katiba kuwa yake peke yake, watu wa dini walikutana katika jumba la Ufungamano, Nairobi: maaskofu wa Katoliki, makanisa ya Kiprotestanti, Baraza Kuu la Waislamu, na Wahindi nao. Wakaunda tume yao ya kukusanya maoni ya raia. Serikali iliwacheka, kisha ikawaogopa, na mwaka 2001 tume hizo mbili zikaunganishwa chini ya Profesa Yash Pal Ghai. Nilidhani wakati ule kwamba tumepata njia. Sheikh na askofu kwenye meza moja, wakimwambia mtawala neno moja, ni jambo ambalo mtawala hawezi kulipuuza kwa kusema, "Hao ni wa dini fulani tu."

Njia ile ilitutoka katika jambo la Kadhi.

Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010 maaskofu waliipinga, wakiongozwa na Kadinali John Njue, na waliipinga kwa mambo mawili waliyoyafunga kwa kamba moja. La kwanza lilikuwa mimba. Kifungu cha 26 kinasema kuwa uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba kuitoa hakuruhusiwi, ila kwa mganga mwenye ujuzi akiona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai ama afya ya mama imo hatarini, au sheria nyengine iliyoandikwa ikiruhusu. Neno hilo "afya" na hiyo "sheria nyengine" wao waliona ni milango iliyoachwa bila komeo. La pili ni Mahakama ya Kadhi, kifungu cha 170, ambayo walisema ni kuipendelea dini moja kwa fedha za kodi ya watu wote.

Katika la kwanza, kama wangalilileta peke yake, wangalitukuta njiani. Wanazuoni wetu hawaichezei mimba. Wamezungumza juu ya siku 120 na kupuliziwa roho, wakahitilafiana kwa yaliyo kabla yake, lakini baada yake wengi wao hawakufungua mlango ila kwa kumwokoa mama asife. Masheikh wa Pwani wangeweza kukaa na maaskofu wakalipima neno "afya" mizani kwa mizani, pengine wakaiandikia serikali pamoja kama walivyofanya Ufungamano. Lakini nani atakayekaa mkekani na mtu ambaye kwa mkono wa kulia akuomba umsaidie kulinda mimba na kwa mkono wa kushoto akuvunjia mahakama unayorithishwa na kutalikiwa ndani yake?

Na hii Mahakama ya Kadhi haikuwa hiba ya mwaka 2010. Ilikuwako kabla Kenya haijaitwa Kenya. Mwingereza alipokodi ukanda wa maili 10 kwa Sultani wa Unguja mwaka 1895 aliikuta, akaahidi kutoigusa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1963, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu wa Kenya na Mohamed Shamte akiwa Waziri Mkuu wa Unguja, waliandikiana barua ambazo ndani yake Kenyatta aliahidi kwamba Kadhi atabaki na hukumu zake za ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu. Kwa ahadi ile, na nyengine, ukanda huu ukaingia Kenya. Basi anayesema Kadhi ni upendeleo asome kwanza mkataba wa nyumba aliyoikuta, ajue nani alikuwa mwenyeji. Wala Kadhi hamhukumu Mkristo. Ni kwa Waislamu, tena walioikubali hukumu yake. Mwezi wa Mei mwaka huo huo wa 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua, katika kesi iliyofunguliwa na viongozi kadhaa wa makanisa mwaka 2004, kwamba Kadhi hafai kuwamo katika Katiba ile ya zamani. Hukumu hiyo ilikuja wakati wa kampeni, na wengi wetu tuliosoma magazeti siku ile tulikwisha jua tutaipigia kura gani Katiba mpya.

Ikapita kwa thuluthi mbili na zaidi. Maaskofu walishindwa kwa mimba na kwa Kadhi pamoja, na nionavyo mimi walishindwa la kwanza kwa kulibebesha la pili.

Kuna upande mwengine ambao siwezi kuwafuata, nao ni pale wanapoacha ilimu yao na kuingia ilimu ya watu. Miaka ya 1990, Kadinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu na vitabu vya mafunzo ya jinsia hadharani mjini Nairobi, na baadhi ya viongozi wetu wa Kiislamu walikuwa pamoja naye, kwa hivyo lawama hii si ya kanisa peke yake. Kufundisha watu wajizuie na zinaa ni haki ya askofu na ya sheikh, na asiyefundisha hivyo ameiacha kazi yake. Lakini moto wa hadharani, wakati Ukimwi unaingia nyumba hata nyumba, ulikuwa wa kutazamwa kuliko wa kuponya. Mwaka 2014 maaskofu wakasema chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakidungwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 imetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Serikali ikakana, na Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakana. Mwaka uliofuata wakaigeukia chanjo ya polio. Sasa mama wa Ganze au wa Lungalunga asiyejua maabara ni nini, akiambiwa na mtu wa Mungu kwamba sindano ile itamfunga kizazi, ataikimbia. Na mtoto wake akizaliwa nyumbani, kitovu kikakatwa kwa wembe uliokwisha tumika, pepopunda haitamuuliza ni Mkatoliki au ni Mwislamu. Neno la askofu ni zito kwa sababu watu wameliamini katika mambo ya haki na dhulma, na uzito huo huo ndio uletao madhara likisemwa mahali pasipo pake.

Hayo ndiyo yao, ya kusifiwa na ya kulaumiwa. Tena tusidanganyane kwamba miaka yote hiyo walikuwa wakirudisha zawadi. Harambee za kanisa zimewalea wanasiasa wengi wa nchi hii, na mwezi wa Juni mwaka 2024 vijana walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, makanisa nayo yalisutwa kwa kuwapa waheshimiwa mimbari kila Jumapili. Waraka wa Askofu Mkuu Anyolo uliandikwa baada ya masuto hayo. Lakini uliandikwa.

Nikauleta mjadala huu barazani kwetu baada ya swala ya Isha. Alikuwapo rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, hivi sasa ni imamu wa msikiti mdogo hapa mjini, mtu msafi, mwenye sauti nzuri ya kusoma na watoto wengi wa kusomesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu," akaniambia, "askofu nyuma yake kuna Roma. Mimi nyuma yangu kuna bili ya stima."

Nikamwambia, "Sheikh, Roma haikumlipia nyumba ya padre wa Soweto."

"Haikumlipia, lakini ana skuli, ana hospitali, ana mashamba. Mheshimiwa akinijia Ramadhani na magunia 200 ya mchele, na tende, na bahasha ya maalimu wa madrasa, nimwambie arudi nayo? Na wale mayatima waliokwisha panga mstari mlangoni nao niwaambie nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sipendi kujifanya kwamba nilikuwa nalo. Maneno yake yalikuwa na haki ndani yake. Lakini Ijumaa ile ya magunia nilikuwapo. Mheshimiwa alikaa safu ya mbele, akasimamishwa kusema baada ya swala, akasema juu ya maendeleo, na khutba ya siku ile ilikuwa juu ya fadhila za kumtii kiongozi. Hatukusikia hata neno moja juu ya vijana wetu waliochukuliwa usiku na watu wasiojulikana, na katika msikiti ule mlikuwa na mzee mmoja ambaye mwanawe hajarudi. Alikaa safu ya tatu. Alipokea mchele kama wenziwe.

Hadithi ya neno la haki mbele ya mtawala dhalimu tumeisoma sote, na ni sisi tunaoitoa mimbarini, si maaskofu. Kwa hivyo sidhani kwamba tumepungukiwa na mafundisho. Tumepungukiwa na kitu chengine, na rafiki yangu alikitaja bila ya kukusudia: kula kwetu kuko wapi?

Tazama Kadhi tuliyempigania mwaka 2010. Nafurahi kwamba yumo ndani ya Katiba, na mtu akitaka kumtoa kesho nitasimama tena. Lakini kwa kuingia humo amekuwa hakimu wa serikali, huajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama, hulipwa mshahara mwisho wa mwezi, na hakimu hawezi kuamka Alhamisi akaandika waraka wa kuikaripia serikali. Haimfalii, wala si kazi yake. Hivyo tunapomtazama Kadhi Mkuu kama askofu wetu twamwonea. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa, akiwakemea Waislamu kwa uvivu wao na kuusema ukoloni bila ya kuung'ata ulimi, kazi ile aliianza kabla hajakaa kiti cha Kadhi Mkuu mwaka 1937. Gazeti lilikuwa lake, na kalamu ilikuwa yake.

Basi askofu ana hospitali na skuli, sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na wakfu. Wazee wetu wa Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga waliacha majumba, maduka, mashamba ya minazi na visima, wakaandika kwamba pato lake liwe la msikiti fulani, mafuta ya taa yake, mikeka yake, riziki ya anayeswalisha na ya anayefundisha. Hawakuandika kwa ajili ya thawabu peke yake. Walijua kwamba imamu anayekula kwenye wakfu hana haja ya kumwamkia liwali kwa unyenyekevu uliopita kiasi. Mwingereza alipokuja aliyaweka mali hayo chini ya tume ya makamishna, sheria ya mwaka 1951 ikalithibitisha jambo hilo, na makamishna wakawa wa kuteuliwa na serikali. Sheria ikaandikwa upya mwaka 2022. Mkono wa serikali ungalimo.

Sisemi kwamba makamishna ni wezi. Nasema mali iliyowekwa ili watu wa dini wasimtegemee mtawala, huwaje ikahifadhiwa na mtawala? Na nasema pia kwamba sisi wenyewe tumelala. Nyumba moja ya wakfu naijua vyema, mtaa sitautaja, ni ya ghorofa mbili na mlango wa nakshi. Kodi yake kwa mwezi haifiki kodi ya chumba kimoja cha udongo huko Kisauni. Anayekaa ndani yake ni Mwislamu, huswali safu ya kwanza, na akiulizwa husema hivyo ndivyo alivyopangiwa marehemu babake. Ghorofa ya chini ameikodisha duka, na duka lile halimlipi kodi ya kizamani. Msikiti ulioandikiwa nyumba hiyo ndio huo huo wenye bili ya stima.

Kwa hivyo wale wanaotaka masheikh wetu waseme, na vijana wengi siku hizi wanataka, wasianze kwa kuwatukana kwamba ni vibaraka. Waanze kuuliza wakfu za msikiti wao ni zipi, ziko wapi, nani anakaa ndani yake na analipa nini. Makaratasi yapo, mengine kwa makamishna, mengine ndani ya makasha ya majumbani, yameandikwa kwa Kiarabu kizuri na mashahidi wake. Mpangaji aongezewe kodi mpaka ifike ya mtaa. Atapiga kelele, na atakuwa ni jamaa wa mtu. Hesabu ibandikwe mlangoni pa msikiti kila mwezi, ionekane na kila aingiaye.

Na kabla hayo hayajatimia, kuna hesabu ndogo ambayo nilimfanyia rafiki yangu pale pale barazani kwa kijiti, juu ya mchanga. Msikiti wake siku ya Ijumaa hujaa watu 200. Kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa mwezi ni shilingi 10,000, na bili yake ya stima haifiki hapo. Mchele wa mheshimiwa, kama nia yake ni mayatima, nyumba za mayatima hazikufichwa, aupeleke huko kwa gari lake mwenyewe, siku isiyo Ijumaa.